Mzee Hartnell na Kibanda cha Polisi

Wanachuo wenzangu, nianze kwa kukiri. Muhula uliopita, zile wiki za kusubiri matokeo, wakati wengine mnabishana kuhusu mpira na boom kuchelewa, mimi nilikuwa nimejifungia chumbani naangalia tamthilia ya Waingereza ya mwaka 1963. Nyeusi na nyeupe. Picha inatetemeka, sauti inakwaruza, na viumbe wa anga za mbali unaona kabisa ni watu waliovalishwa manguo. Mwenzangu wa chumba, ambaye hard disk ni yake, alinicheka siku tatu mfululizo. Siku ya nne akavuta kiti akakaa.

Tamthilia yenyewe inaitwa Doctor Who. Huenda kuna wanaoijua ile ya siku hizi, ya rangi na madoido ya kompyuta. Mimi nazungumzia ile ya mwanzo kabisa, na hasa mzee aliyeibeba mabegani miaka mitatu, William Hartnell. Alifariki mwaka 1975, kabla wazazi wangu hawajaanza hata darasa la kwanza. Nasimulia maisha yake kwa sababu mbili. Kwanza, sisi wa elimu tuna hisa yetu ndani ya tamthilia ile, mtaona. Pili, mzee mwenyewe ana doa ambalo lilinikwama kooni, na mpaka naandika hapa sina hakika kama nimelimeza au nimelitema.

Hartnell alizaliwa tarehe 8 Januari 1908, St Pancras, London. Mama yake, Lucy, hakuwa ameolewa. Kwenye cheti cha kuzaliwa, pale pa jina la baba paliachwa wazi, na mpaka anaingia kaburini hakuwahi kujua baba yake ni nani, ingawa alijaribu kumtafuta. Sehemu ya utoto alilelewa na mama mlezi. Likizo alipelekwa Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, kwa ndugu wa mama yake ambao walikuwa wakulima, na huko ndiko alikojifunza kupanda farasi. Alipokuja kuwa maarufu aliwaambia waandishi wa habari kwamba amezaliwa hukohuko Devon, mtoto wa watu wanaoeleweka. Yaani alijitungia ukoo. Ukweli uliwekwa wazi na mjukuu wake, Jessica Carney, aliyeandika kitabu cha maisha ya babu yake miaka mingi baada ya babu kuzikwa.

Shule haikumshika. Ujana wake ulianza vibaya, wizi mdogomdogo wa mitaani, na pengine habari zake zingeishia hapo kama asingejiunga na klabu ya ndondi ya vijana. Kwenye klabu ile alikutana na bwana mmoja anaitwa Hugh Blaker, mtu wa sanaa, mkusanyaji wa picha za kuchora. Blaker akamchukua kama mwanawe. Kwanza akampeleka akajifunze kuwa mpanda farasi wa mashindano. Halafu akamwingiza shule ya uigizaji ya Italia Conti. Akamtafutia pia shule ya kawaida yenye nidhamu ya kijeshi, kijana akatoroka. Blaker hakumtupa.

Hapa naomba nisimame kidogo. Kwenye kozi zetu tunafundishwa nadharia nyingi za kumsaidia mwanafunzi mgumu, na majina ya wataalamu tunayakariri kwa ajili ya mtihani. Blaker hakuwa mwalimu wa cheti. Alijaribu farasi, akajaribu shule kali, akajaribu jukwaa, na jukwaa likakubali. Kila nikifika kwenye sehemu hii ya maisha ya Hartnell namkumbuka mwalimu wangu wa shule ya msingi aliyenipa funguo za stoo ya vitabu baada ya mimi kukamatwa nimeruka ukuta. Basi, tuendelee.

Mwaka 1925 Hartnell aliingia kwenye kundi la maigizo la Frank Benson, kundi lililozunguka mikoani likiigiza Shakespeare. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya mikono, kubeba na kupanga vitu vya jukwaani, na vijisehemu vidogo vya kuigiza vikaja polepole. Mwaka 1929 akamuoa Heather McIntyre, naye pia mwigizaji, wakapata binti mmoja. Filamu zilianza miaka ya 1930, na cha ajabu kwa anayemjua kama mzee mkali, alitaka kuwa mchekeshaji. Vita Kuu ya Pili ilipokuja akaingia jeshini, kikosi cha vifaru. Hakumaliza. Baada ya muda wa mwaka mmoja na nusu hivi mishipa yake ya fahamu ilishindwa, akarudishwa uraiani.

Sasa sikieni vituko vya dunia. Huyu aliyeshindwa jeshi, mwaka 1944 alipewa nafasi ya sajini kwenye filamu ya The Way Ahead, akaicheza vizuri mno. Kuanzia hapo kila mtengeneza filamu aliyetaka mtu wa kufokea askari alimwita yeye. Carry On Sergeant ya mwaka 1958, sajini. Kwenye televisheni, The Army Game, sajini meja. Pale asipokuwa askari alikuwa jambazi, kama Dallow kwenye Brighton Rock. Miaka karibu 20 sura ileile, sauti ileile ya kukaripia. Alichoka. Mwaka 1963 akapata sehemu ndogo tofauti kidogo, mzee dhaifu anayesaka vipaji vya raga kwenye filamu ya This Sporting Life. Hakujua kwamba kuna mtu anamtazama kwa hesabu.

Mtu huyo alikuwa Verity Lambert, miaka 27, mtayarishaji mpya wa BBC, na wakati ule mwanamke pekee katika watayarishaji wa tamthilia pale. Bosi wake, Sydney Newman kutoka Kanada, alitaka kipindi cha jioni ya Jumamosi kitakachokaa katikati ya michezo na muziki wa vijana, kitakachowafundisha watoto historia na sayansi bila wao kujua kwamba wanafundishwa. Wazo lilikuwa hivi. Kuna mzee asiye na jina, anaitwa Daktari tu, ana chombo cha kusafiria kwenye wakati. Chombo kwa nje ni kibanda cha simu cha polisi, vile vilivyokuwa vinasimama pembeni mwa mitaa ya Uingereza. Ukiingia ndani ni kama ukumbi wa mihadhara. Chombo ni kibovu, mzee hawezi kuchagua kinatua wapi. Safari hii kinatua zama za kale, hiyo ni historia. Safari ijayo sayari nyingine, hiyo ni sayansi.

Lambert akamwalika Hartnell chakula cha mchana, akiwa na mwongozaji wa hadithi ya kwanza, Waris Hussein, kijana wa miaka 24 mzaliwa wa Lucknow, India. Hartnell alikuwa na miaka 55 na mashaka yake. Kipindi cha watoto? Lakini wale vijana wawili walimweleza kwa namna ambayo hakuwahi kuelezwa kazi kabla, akakubali. Hiyo meza ya chakula nitairudia.

Kipindi cha kwanza kilirekodiwa mara mbili. Mara ya kwanza Newman alikitazama akasema hapana, mzee ni mkali mno, hapendeki. Wakakirudia chote mwezi Oktoba. Kilirushwa tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa, dunia nzima macho yapo Dallas. Wiki iliyofuata BBC ikabidi wakirushe tena kabla ya kipindi cha pili, kwa ajili ya waliokikosa. Kwetu nani angekiona? Tanganyika haikuwa na televisheni, na Bara tulikuja kupata vituo miaka ya 1990. Mimi nimekiona zaidi ya nusu karne baadaye, kwenye laptop yenye kioo kilichopasuka kona.

Na hapa ndipo penye hisa yetu. Tamthilia haianzi na Daktari. Inaanza na walimu wawili wa sekondari kwenye shule moja ya London, baada ya kengele ya mwisho, wanazungumza kuhusu mwanafunzi. Barbara Wright anafundisha historia. Ian Chesterton anafundisha sayansi. Mwanafunzi anaitwa Susan, ana miaka 15, na anawatatanisha. Masomo mengine anajua kupita kitabu, halafu vitu vya kila siku vinampiga chenga. Pesa ya nchi yake mwenyewe haijui! Alidhani Uingereza imeshaanza kuhesabu pesa kwa makumi na mamia, wakati wao walikuwa bado na paundi ya shilingi 20 na shilingi ya peni 12. (Uingereza ilibadilisha mwaka 1971. Huku kwetu shilingi ilishakuwa na senti 100 siku nyingi, kwa hiyo Susan angefaulu vizuri tu Kariakoo.) Walimu wanamfuata nyumbani kwa wasiwasi, wanakuta uwanja wa vyuma chakavu, kibanda cha polisi, na babu mtu anayewazuia mlangoni.

Nimesoma BA ya elimu miaka mitatu sasa, masomo yangu ni Historia na Kiswahili, na sijawahi kuona kazi yetu ikionyeshwa kwa kweli kama dakika zile kumi za kwanza. Mwalimu amechoka, siku imeisha, ana mrundo wa madaftari, na bado kuna mtoto mmoja hatoki kichwani.

Tena yule Daktari wa mwanzo si shujaa hata kidogo. Kwenye hadithi hiyohiyo ya kwanza wametua zama za mawe, wanakimbizwa porini, mtu mmoja wa pangoni amejeruhiwa na anawachelewesha. Daktari anaokota jiwe. Kwa namna Hartnell anavyolishika, huna haja ya kuambiwa anataka kufanya nini. Ian anaukamata mkono wake. Mzee anatoa kisingizio cha kitoto, macho yanakimbia pembeni. Nilirudisha nyuma mara tatu kuangalia yale macho. Ni mzee aliyeishi miaka mingi kuliko wote waliopo pale, na mwalimu wa sekondari ndiye anayemfundisha utu. Hadithi baada ya hadithi walimu wale wanambadilisha, mpaka mtu unasahau kwamba aliwahi kuokota jiwe.

Hadithi niipendayo kuliko zote ni The Aztecs, ya mwaka 1964. Wametua Meksiko ya kale, na Barbara, mwalimu wa historia, anadhaniwa kuwa mungu. Anawajua Waazteki kwa kuwasoma. Anaona ustaarabu wao, anaona pia kafara ya binadamu, na anaamua kwamba akitumia uungu wake wa bahati akaisimamisha kafara, huenda Wahispania wakifika hawatawaangamiza. Daktari anampinga kwa nguvu: historia haibadilishwi, hata mstari mmoja. Barbara anajaribu. Anashindwa. Mtu mmoja tu ndiye anayemsikiliza, na naye anaipoteza nafasi yake pale mjini. Mwishoni Daktari anamfariji, kwamba jamii hakuiokoa lakini huyo mmoja alimsaidia. Mimi nimekaa darasani nikiwa mwanafunzi wa historia nikisimuliwa Maji Maji, Hehe, mikataba ya kina Karl Peters, nikawa natamani niruke kwenye ukurasa nikawaonye. Sikujua kuna watu walishaiandikia tamthilia hamu ile.

Studio yao, Lime Grove, ilikuwa ndogo na joto la taa halivumiliki. Siku nne mazoezi kwenye ukumbi, Ijumaa jioni kurekodi. Kukata na kuunga kanda ilikuwa gharama, kwa hiyo kipindi cha dakika 25 walikipiga karibu moja kwa moja kama jukwaani. Mtu akikosea, kosa linabaki. Na Hartnell alikuwa anakosea. Kwenye hadithi ya Dalek anataka kutaja dawa za kujikinga na mionzi, anataja glavu, anajisahihisha palepale na kuendelea. Jina la Chesterton analivuruga kila mara, hadi waandishi wakaligeuza kuwa mzaha wa kudumu. William Russell, aliyeigiza Ian, unamwona mara nyingine akiidaka sentensi iliyopotea na kumrudishia mzee kwa upole, kana kwamba ndivyo ilivyoandikwa.

Mwanzoni mimi na mwenzangu wa chumba tulikuwa tunahesabu makosa na kucheka. Kisha nikakumbuka mazoezi yangu ya kufundisha. Kidato cha Pili, wanafunzi 70 na kitu, mhadhiri aliyekuja kunitathmini amekaa dawati la nyuma na fomu yake. Nikaandika kichwa cha somo ubaoni, nikageuka, na kila kitu kikafutika. Somo lote. Hata jina la mada nililazimika kugeuka kulisoma ubaoni. Nilisimama labda sekunde 15, ambazo darasani ni kama saa. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono, akaniuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa ndiyo sentensi yangu ya kwanza. Mpaka leo sijui kama aliniuliza kwa kutaka kujua au alinidakia. Tangu nilipoikumbuka siku ile sihesabu tena makosa ya Hartnell. Mwenzangu anaendelea kuhesabu, yeye anasomea uhandisi.

Kuhusu Dalek nitapita haraka maana ndio wanaojulikana: viumbe wakatili ndani ya magamba ya chuma, wameandikwa na Terry Nation na kuchorwa na Raymond Cusick. Newman alikuwa amekataza majitu ya aina hiyo, Lambert akayaingiza, na watazamaji wakapanda hadi kufika milioni 10 hivi. Hakuna aliyebisha tena.

Hartnell alibadilika. Mtu aliyezoea kufokea askari sasa anafuatwa na watoto mitaani. Alifungua maonyesho ya vijijini akiwa amevaa mavazi ya Daktari. Kwenye meza ya mitambo ya kile chombo, ambayo ni mbao na vitufe vya mapambo, alijipangia kabisa kila kitufe kinafanya nini, na alikasirika mwongozaji akimwambia abonyeze chochote, kwa hoja kwamba watoto wataona. Na nadhani wangeona kweli.

Sasa lile doa. Baadhi ya waigizaji waliofanya kazi naye walisimulia baadaye kwamba Hartnell alikuwa na kauli za kibaguzi, na kwamba watu wasio wa asili yake hawakuwa salama mbele ya ulimi wake. Hakuwa peke yake katika Uingereza ya miaka ile, najua. Lakini mimi niliyemwangalia usiku kucha ningekuwa mmoja wa hao. Nilipoyajua haya nilizima laptop wiki nzima.

Nikairudia ile meza ya chakula. Upande mmoja mzee mwenye chuki zake. Upande wa pili mwanamke kijana wa Kiyahudi ambaye atakuwa bosi wake, na Mhindi wa miaka 24 atakayemwambia asimame wapi na aseme vipi. Aliwakubali wote wawili. Lambert hasa alimheshimu na kumtegemea, na alipoondoka mwaka 1965 Hartnell alijiona ameachwa yatima pale studio. Je, hiyo inafuta maneno yake? Haifuti. Mwenzangu wa chumba anasema mtu akishakufa tumhukumu kwa kazi. Rafiki yangu mmoja wa sosholojia anasema kazi na mtu ni kitu kimoja, acha kuangalia. Mimi naendelea kuangalia na siwezi kumjibu vizuri yeyote kati yao. Nachoweza kusema ni kwamba siku hizi, lile jiwe mkononi mwa Daktari silioni tena kuwa uigizaji mtupu.

Mwili ulianza kumwangusha. Alikuwa na ugonjwa wa mishipa ya damu kukakamaa, damu haifiki kichwani inavyotakiwa, na kumbukumbu ikawa inapungua. Sasa makosa hayakuwa ya haraka za studio. Hasira zikazidi. Wenzake wa mwanzo wote walishaondoka: Carole Ann Ford aliyeigiza Susan mwishoni mwa 1964, wale walimu wawili katikati ya 1965, kisha Lambert. Kila wiki watu wapya, na yeye ndiye pekee anayekumbuka jinsi kazi ilivyoanza, huku kukumbuka kwenyewe ndiko kunakomponyoka. Mtayarishaji mmoja alipanga kumwondoa kwa ujanja: Daktari afanywe asionekane ndani ya hadithi, akionekana tena awe mtu mwingine. Wakubwa wakakataa. Mwaka 1966 mtayarishaji aliyefuata, Innes Lloyd, alimweleza ana kwa ana, na Hartnell akakubali kuondoka.

Hadithi yake ya mwisho ni The Tenth Planet, Oktoba 1966, kambi ya anga kwenye barafu ya Ncha ya Kusini. Wiki ya kipindi cha tatu aliugua, ikabidi Daktari aandikwe amezimia na maneno yake wagawiwe wengine. Kitu kingine ndani ya hadithi hiyo: mmoja wa wanaanga ni Earl Cameron, mwigizaji mweusi kutoka Bermuda. Mwaka 1966 mtu mweusi anaendesha chombo cha anga kwenye televisheni ya Uingereza, na ni kwenye kipindi cha kumuaga Hartnell.

Tarehe 29 Oktoba 1966 Daktari anarudi kwenye chombo chake akiwa amechoka, anaanguka sakafuni, sura yake inang'aa mpaka inafutika, na inapotulia ni sura ya mtu mwingine, Patrick Troughton. Hakuna aliyewahi kubadilisha mhusika mkuu namna ile. Hila hiyo, iliyozaliwa kwa sababu mzee mmoja hawezi tena kukariri, ndiyo iliyoifanya tamthilia iendelee kutengenezwa mpaka kizazi chetu.

Mwishoni mwa 1972, tamthilia ikitimiza karibu miaka 10, walimwita arudi kwenye hadithi ya The Three Doctors. Alikubali kwa furaha. Mke wake, Heather, ndiye aliyepiga simu kuwaeleza kwamba mumewe hawezi. Wakaipunguza sehemu yake, wakamkalisha kwenye kiti, wakamwekea maneno kwenye mabango asome, na akaonekana kwenye hadithi kupitia kioo tu, kana kwamba amekwama njiani. Ukimwangalia unaona macho yanavyofuata maandishi. Hakuigiza tena baada ya hapo. Mwanzoni mwa 1975 akapata kiharusi, na tarehe 23 Aprili mwaka huohuo akafariki usingizini, miaka 67. Ni tarehe ileile wanayoiadhimisha kwa kifo cha Shakespeare, ambaye kwenye jukwaa lake Hartnell alianza kwa kubeba mizigo.

Wakati anakufa, BBC walikuwa wanamfuta. Kanda zilikuwa ghali, televisheni ya rangi imeingia, nani ataangalia tena nyeusi na nyeupe? Wakafuta, wakarekodi vitu vingine juu yake. Vipindi zaidi ya 90 vya miaka ile havijulikani viliko, ikiwemo safari nzima ya Marco Polo, vipindi vyote saba. Kilichookoa vingine ni kwamba BBC walikuwa wanatengeneza nakala za filamu na kuziuza nje, na wanunuzi wakiwemo nchi za Afrika zilizopata uhuru miaka ilele. Miaka ya 1980 nakala za baadhi ya hadithi za Hartnell zilirudi London kutoka Nigeria. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba vipindi 9 vilivyopotea, vyote vya Troughton, vimekutwa kwenye kituo cha televisheni Jos, Nigeria. London wamefuta, Jos wameweka kwenye rafu. Nafikiria mzee angesema nini, na naomba mnisamehe, nacheka peke yangu.

Kipindi cha mwisho cha The Tenth Planet chenyewe hakijapatikana. Zile sekunde za sura kubadilika zipo kwa sababu kipindi kingine cha watoto kiliziazima mwaka 1973. Sauti ipo yote, maana kuna watu majumbani waliweka rekoda mbele ya televisheni na kunasa. Kwa hiyo unakiangalia kwa kusikiliza, na picha chache zilizosimama, hadi pale mwisho ambapo ghafla mzee anatembea, anaanguka, anang'aa. Mwenzangu wa chumba aliposikiliza mpaka pale hakuhesabu kosa lolote. Anayetaka kuona, hard disk ipo, aje na chaja yake na maandazi.